Kiu Isiyo Kiu

Mtu aliyeacha pombe kwa kiapo mbele ya mkewe na watoto wake, akaishika ahadi yake miezi minne, kisha siku moja akairudia kwa ghafula, je, mtu huyo ni mwongo? Wengi hujibu upesi kwamba ndiyo, au husema kwamba hana nia. Sisi twaona jibu hilo ni fupi mno. Siku ile alipoapa alisema kweli. Ila aliapa juu ya chungu cha pombe tu, wala hakuyaangalia yale yaliyomo moyoni mwake, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakimpeleka penye chungu.

Hapa juu ya uwanda wa Ufipa pombe ya ulezi si kitu kigeni. Ndiyo shukrani kwa majirani waliokuja kusaidia kulima, ndiyo furaha ya arusi, ndiyo faraja ya matanga. Sheria zimewekwa: mwaka 1966 ilitungwa ile ya kuzuia gongo isiyo na leseni, na tangu tarehe 1 Machi 2017 serikali imekataza pombe kali ya viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki ambavyo hata mtoto wa shule aliweza kuvificha mfukoni. Sheria hizo zina faida yake. Lakini sheria husimama mlangoni mwa duka, haiingii kifuani mwa mtu.

Basi tumtazame mtu wetu. Akiulizwa ana nini, hujibu, “Nina kiu.” Lakini asubuhi shemeji yake alimdharau mbele ya watu; hiyo ni fedheha. Mchana mahindi yake yalinunuliwa kwa bei ya kutupa. Huo ni uchungu. Jioni, katika baridi ya mwezi Juni, wenzake wa zamani wote wako kilabuni naye amekaa peke yake. Huo ni upweke. Tena tangu alfajiri hajala, na hiyo ni njaa tu. Mambo manne, na kila moja lina jina lake na dawa yake. Yeye ameyatia yote katika neno moja, kiu, na kwa kiu aijua dawa moja tu. Lugha yetu si maskini hata tukose maneno: hasira si kinyongo, kinyongo si huzuni, huzuni si aibu. Sisi wanaume hasa (na tuseme bila kuficha) hupenda kuyaita yote hasira, kwa kuwa hasira yaonekana ni jambo la kiume, na aibu haionekani hivyo.

Mwanachuoni Roy Willis, aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960, aliandika mwaka 1967 juu ya jinsi Wafipa walivyotofautisha kichwa na kiuno: kichwa ni upande wa akili na mamlaka, kiuno ni upande wa nguvu na tamaa. Mafundisho mazuri, lakini kichwa hakiwezi kutawala kisichokijua. Jumbe asiyepata habari za vijiji vyake hutawala jina tu.

Mfano mmoja watoka mbali. Mwezi Mei 1935 Mmarekani Bill Wilson, ambaye hakuwa amekunywa tangu Desemba 1934, alikuwa katika mji wa Akron, na biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika. Alisimama katika ukumbi wa hoteli, akisikia vicheko vya wanywaji chumba cha pili, akaogopa. Hakujidanganya kwamba ana kiu tu. Alijua kwamba ameshindwa na yu peke yake, tena yampasa kupata mtu wa kusema naye. Akampigia simu kasisi asiyemjua, na kwa njia hiyo akakutanishwa na daktari Robert Smith, mlevi mwenzake. Kwa mazungumzo yao kilianza chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ambacho leo kimeenea katika nchi nyingi.

Naye Alan Marlatt, mwanachuoni wa Marekani, alipochunguza watu walioirudia pombe, aliona kwamba mara nyingi walitanguliwa na moyo mzito, au ugomvi, au vishawishi vya wenzao. Alifundisha pia kwamba tamaa ni kama wimbi: hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka hata bila kupewa kitu. Tena mwili hutoa habari mapema. Taya hukaza, mapigo ya moyo huenda mbio, mkono hautulii. Mtu akijizoeza kuziona dalili hizo na kusema neno lake halisi, “Nimeaibika,” hupata nafasi ya kuchagua kabla miguu haijashika njia ya kilabu. (Aliyekunywa sana kwa miaka mingi asiache kwa ghafula peke yake nyumbani, aweza kupatwa na kifafa na hata kufa. Aende kwanza hospitali.)

Je, kuyajua haya ni kumwondolea lawama? Hasha. Aliyejua kwamba fedheha humpeleka kilabuni, akapita njia ile ile akiwa amefedheheka, ana deni kubwa kuliko asiyejua. Lakini deni si lake peke yake. Shemeji aliyemdharau analo fungu lake, na rafiki anayemshikiza kibuyu akicheka, “Onja kidogo tu,” analo kubwa zaidi. Siku ya kualika watu kulima, mwenye shamba aweza kuweka mtungi wa togwa kando ya pombe, bila kutangaza ni wa nani.