Kudra na Mpira wa Rejeta

Mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula mkoani Iringa, huyapima magari bila huruma. Barabara inayokwenda Mbeya hadi Tunduma inapanda kwa kona kali, malori yanajikokota kwa gia nzito, na pikapu iliyokwama nyuma yao inakwenda taratibu juani, injini ikivuma huku upepo wa kupoza rejeta ukiwa haba. Hapo ndipo mshale wa joto unapoanza kupanda. Dereva asiyeutazama atashtuliwa na mvuke mweupe chini ya boneti na maji ya kijani yakitiririka juu ya lami. Mpira wa juu wa rejeta umepasuka. Akichungulia, anaona feni nayo haizunguki.

Abiria waliokaa juu ya magunia wanashuka na kusogea kivulini. Hakosekani mama wa kusema kwamba ni mipango ya Mungu, huenda huko mbele kulikuwa na ajali waliyoepushwa nayo. Hakuna anayembishia. Kauli hiyo imewafariji wasafiri wengi, na ni vibaya kumnyang'anya mtu faraja yake akiwa kando ya korongo. Lakini fundi akifika na mfuko wake wa spana, anaanza kwingine: "Maji yalianza kupungua lini, mkuu?" Dereva anakumbuka. Wiki mbili hivi amekuwa akiongeza lita moja kila asubuhi.

Kauli ya mama na swali la fundi zinagusa jambo lililowashughulisha wanazuoni kwa karne nyingi: anayeiona kudra ya Mungu katika kila tukio, ana haja gani ya kutafuta sababu?

Abu Hamid al-Ghazali, mzaliwa wa Tus mwaka 1058, alilikabili swali hilo katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokiandika Baghdad mwaka 1095. Mfano wake ni pamba na moto. Pamba ikigusana na moto tunaiona ikiungua, lakini tunachoshuhudia ni kuungua kunakotokea pamoja na kugusana. Kwamba moto una nguvu yake yenyewe isiyoweza kushindwa, hilo jicho halijaliona. Atendaye ni Mungu. Chini ya karne moja baadaye Ibn Rushd wa Cordoba alimjibu kwamba mwenye kuziondoa sababu ameiondoa na akili, kwani kujua kitu ni kujua sababu zake.

Msomaji wa haraka angemweka Ghazali kivulini pamoja na abiria, na Ibn Rushd chini ya boneti pamoja na fundi. Angekosea. Katika Ihya Ulum al-Din, kitabu kinachoheshimiwa na wanazuoni wa Kishafii kuanzia Hadhramaut hadi Lamu, Ghazali huyo huyo anazigawa sababu katika mafungu matatu. Kuna za uhakika, kama chakula kwa mwenye njaa: anayekaa mbele ya sahani akingoja tonge limfuate mdomoni hana tawakuli, amepungukiwa akili. Kuna za kudhaniwa kwa nguvu, kama msafiri kubeba akiba ya njiani. Na kuna za kuwaziwa tu, ambazo mtu akiziegemea sana ndipo tegemeo lake kwa Mungu linapopungua. Kwa Ghazali, Mungu ndiye aliyeipanga desturi ya dunia, na anayeidharau desturi hiyo hajamtukuza aliyeipanga. Maji ndani ya rejeta yamo katika fungu la kwanza. Mpira wa akiba nyuma ya kiti ungeingia katika la pili.

Sababu za pale Kitonga zinasomeka, ingawa si zote zinaonekana. Mpira wa rejeta mara nyingi huanza kuharibika kwa ndani. Maji ya rejeta, raba na vyuma vya injini kwa pamoja hufanya kama betri dhaifu, na mkondo huo mdogo wa umeme huchimba nyufa nyembamba upande wa ndani, hasa karibu na ncha zinazobanwa na klempu. Kwa nje mpira unaweza kubaki mweusi na laini, kama mpya. Ndiyo maana fundi mzoefu hatosheki na kuutazama. Anangoja injini ipoe, anaubonyeza kwa vidole viwili karibu na ncha, kisha anaubonyeza katikati na kulinganisha. Ukilegea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, siku zake zimekwisha. Ujuzi huu unamtetea dereva kidogo, maana macho yake yasingemwonyesha ufa. Lita moja ya kila asubuhi, hata hivyo, aliimimina kwa mkono wake mwenyewe.

Feni ina hadithi ya namna hiyo. Feni ya umeme ya volti 12 inaweza kuvuta ampia 20. Kiungo cha waya kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe, kikiingiwa na maji na kutu ya kijani, kinaweza kufikia ukinzani wa omu 0.1. Kiasi hicho ni kidogo, lakini hesabu yake ni kali: kinakula volti 2 na kutoa joto la wati 40 mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Feni inazunguka kivivu, ganda la waya linalainika, na siku ya mlima inasimama.

Bado mama aliye kivulini ana swali ambalo spana haiwezi kulijibu: kwa nini leo, na kwa nini sisi? Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alilikuta swali hilo kwa Wazande wa kusini mwa Sudani ya wakati huo, akaliandika katika kitabu cha mwaka 1937. Ghala la nafaka linawaangukia watu waliokaa chini yake. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Anachouliza ni kwa nini lilianguka saa ile, wao wakiwa pale, na jibu lake ni uchawi. Injili ya Luka nayo inataja mnara wa Siloamu uliowaua watu 18, na Yesu anakataa kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Swali la "kwa nini leo" ni halali, na pengine litabaki kwa Mungu. Kosa huanza pale linapotumiwa kumfukuza anayeuliza habari za mchwa.

Na swali la dini halimwachi fundi salama. Kazi yake imefichika. Mteja haoni kilicho chini ya utepe. Kuna anayeing'oa thamostati, ambayo katika injini nyingi huanza kufunguka karibu na digrii 82, akamwambia mwenye gari kwamba amemaliza tatizo. Kuna anayeitoa fyuzi iliyokatika na kuweka kipande cha waya, feni ikazunguka, naye akalipwa. Aliyefanya hivyo amemwondolea mteja mlinzi bila kumwambia. Waislamu na Wakristo wa nchi hizi wana neno moja kwa jambo hilo, amana, na uzito wake hauko katika fedha pekee.

Kiraka chenyewe si dhambi. Kama ufa uko nchani, fundi anakata kipande kibovu, anausukuma mpira tena na kukaza klempu. Ukiwa katikati, anafunga ukanda wa tyubu kwa nguvu na kulegeza mfuniko wa rejeta ili mgandamizo usiupasue tena. Waya anaukata hadi shaba safi, anauunga upya na kuikwangua sehemu ya bodi unapofungwa waya wa hasi. Baada ya hapo husema ukweli wote: "Hii inakufikisha Iringa, Mbeya haikufikishi. Nenda polepole, mfuniko umelegea, na huku juu maji yanachemka karibu na digrii 95. Tazama mshale." Katika maneno hayo machache fundi amekabidhi kazi yake pamoja na mipaka yake, na mama anapopanda tena juu ya magunia akisema "tumtangulize Mungu", dua yake haifuniki uongo wa mtu yeyote.

Mjini, mpira mpya ukishafungwa, wapo mafundi wenye desturi ya kuuchana ule wa zamani kwa wembe, kutoka ncha hadi ncha, na kuutandaza juu ya boneti. Mwenye gari anapitisha kidole kwenye nyufa ambazo hakuwahi kuziona, anakaa kimya kidogo, kisha anauliza ule wa chini nao una hali gani.