Sungura, Kisima na Watoto Wetu



Kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Wako watoto waliozaliwa hapa ambao hawajawahi kuota moto wa jioni pamoja na nyanya zao kule Fizi au Uvira. Unga wanauona kwenye mgao, maji kwenye bomba. Watajifunzia wapi kwamba kila tonge lina jasho la mtu?

Tulipokimbia tuliacha mashamba na vyombo, lakini hadithi tulikuja nazo. Tuzitumie. Wengi tunaijua ile ya kisima. Ukame ulipozidi, wanyama walikubaliana kuchimba maji. Sungura akakataa kazi. Maji yalipopatikana, akaja kuyaiba na kuwadanganya walinzi mmoja baada ya mwingine. Mwishowe Kobe alijipaka ulimbo mgongoni, akajificha majini. Sungura akamkanyaga, akanasa.

Watoto humpenda Sungura kwa ujanja wake. Tusiwaache hapo, bali tuwaulize: Nani alichimba? Nani alitaka kunywa bure? Kobe ni mdogo na mwendo wake ni wa polepole, mbona ndiye aliyefaulu? Mtoto akishamhukumu Sungura kwa kinywa chake, tumwulize kwa upole: dumu la nyumbani leo limejazwa na nani? Ndivyo nabii Nathani alivyomfikia mfalme Daudi kwa hadithi ya mwana-kondoo wa maskini (2 Samweli 12).

Tusome pia Wagalatia 6. Katika mstari wa 2 mtume Paulo anatuagiza kusaidiana mizigo. Katika mstari wa 5 anasema kila mtu ana mzigo wake. Yote mawili yanahitajika nyumbani. Basi kila mtoto, wa kiume na wa kike, apewe kazi inayolingana na nguvu zake: huyu apange sahani, yule afagie uwanja, mkubwa amsaidie mdogo kuosha vyombo. Lakini tusiwatume kuni porini peke yao.

Nasi wazazi tujiangalie. Tukiruka foleni ya bomba mbele ya macho yao, hadithi yetu ya jioni imekufa. Watoto wataona kwamba Sungura ndiye tunayemfuata.

Bwana atupe hekima ya kuwalea vema hata ugenini. Amina.