Siwa ya Mwana Darini

Habari za Pate, tarikhi ya watawala wa Pate katika pwani ya Kenya, zinasimulia kwamba Mwana Darini, mjane wa ukoo wa kifalme, alitaka kumfanyia mwanawe sherehe ya tohara wakati uleule mfalme alipomtahiri wa kwake. Akaomba kuazima siwa, baragumu la enzi la ukoo wao. Akanyimwa. Na mumewe alikuwa ameuawa na watawala wa ukoo huohuo! Mama huyo hakurudi kuomba. Alimwita fundi amchongee kwa siri siwa nyingine ya pembe za ndovu, na siku ya sherehe ikapulizwa mjini, watu wakatoa zawadi. Siwa ya pembe ya Pate, ndefu kupita mita 2, ingali imehifadhiwa Kenya.

Mimi naona humo mapenzi makubwa: kumpenda marehemu hadi mwanawe asimame sawa na wana wa wakubwa. Hapa Kitshanga, mashariki mwa Kongo, wajane wa vita ni wengi, na mashemeji wanaodai ng'ombe na shamba matanga hayajaisha nao wapo. Lakini Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 inawatanguliza watoto katika urithi, na inamwachia mjane haki ya kukaa katika nyumba ya ndoa. Mama, kabla hujafunga mizigo, mpelekee chifu hiyo sheria.