KUZIKA MOSHI: JE, NI KUSAFISHA AU NI KUFICHA?



Leo tunataka kufikiri pamoja nanyi juu ya kazi inayofanyika katika mji wa Oslo, inchi ya Norwe. Ni mbali na sisi, lakini ndani yake kuna swali linalogusa kila mmoja: uchafu tulioutoa kwa mikono yetu, tuufanyie nini? Na mtu akiuzika, je, ameusafisha au ameuficha tu?

Kule Oslo, pahali paitwapo Klemetsrud, kuna kiwanda kinachochoma takataka za mji. Moto wake unachemsha maji ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, na unatoa umeme vilevile. Lakini moshi wake umejaa gazi karboniki, ile inayozuia joto la dunia lisitoke. Karibu nusu ya gazi hiyo inatokana na vitu vilivyoota, kama mbao na karatasi. Nusu nyingine hasa ni ya plastiki, ambayo asili yake ni petroli.

Basi wamekusudia kuikamata gazi hiyo kabla haijapanda juu. Moshi utapozwa na kupitishwa katika maji yenye dawa inayoishika gazi. Dawa ikipashwa moto, inaiachilia peke yake. Gazi itapozwa na kugandamizwa mpaka iwe kama maji, itabebwa na malori mpaka bandarini, halafu na meli mpaka Øygarden, karibu na Bergen. Kutoka huko, bomba la kilometa zipatazo 100 litaishusha katika mawe yenye vitundu, kiasi cha meta 2,600 chini ya sakafu ya Bahari ya Kaskazini. Juu ya mawe hayo kuna mwamba usiopenyeza, kama kifuniko cha chungu. Mwaka 2023 kazi ya Klemetsrud ilisimamishwa kwa sababu gharama zilipanda sana. Januari 2025 iliamuliwa iendelee, na wanatazamia kuanza kukamata mwaka 2029, tani 350,000 kila mwaka. Ghala lenyewe la chini ya bahari lilianza kupokea gazi mwezi wa 8 mwaka 2025, kutoka kiwanda cha simenti cha Brevik, hukohuko Norwe.

Wapendwa, msiseme haya ni mambo ya wazungu tu. Ndugu zetu wa Goma wanaijua gazi hii: ndiyo inayotoka ardhini, ikakaa katika mabonde, ikaua mbuzi na watoto. Wanaiita mazuku. Kwa hiyo wanafahamu kwamba kuiweka gazi hii ardhini si mchezo. Na ile inayopanda angani haina paspoti: moshi wa Oslo na moshi wa Kinshasa unachanganyika juu ya vichwa vya watu wote.

Wengine watasema, "Hawa wanaficha dhambi yao, kama Akani aliyefukia vitu vya wizi ndani ya hema lake." Neno hilo lina uzito. Lakini tukumbuke pia kwamba Sheria ya Musa iliwaamuru Waisraeli wachimbe nje ya kambi na kufukia uchafu wao. Akani alifukia, na wale nao walifukia. Tofauti iko wapi? Akani alifukia usiku wa moyo wake, ili asijulikane. Wale walifukia mbele ya sheria, ili kambi ikae safi na jirani asiumie.

Basi tunaona kwamba kuzika moshi kunaweza kuwa tendo la haki, lakini kwa masharti. Anayezika lazima aonyeshe fasi alipozika na alinde. Huko Norwe wamekuwa wakishusha gazi chini ya bahari penye kisima cha Sleipner tangu 1996, na wanaipima kwa mitetemo ya sauti wajue imekaa wapi. Kazi hiyo ya ulinzi itarithiwa na wajukuu wa walioanza. Ni mzigo, na watoto wana haki ya kuachiwa hesabu yake wazi.

Sharti jingine ni gumu zaidi. Tanuru kubwa lina njaa: lililojengwa kwa gharama kubwa linataka takataka kila siku. Mtu akiambiwa kwamba moshi wake unazikwa, anaweza kutupa bila kufikiri. Hapo kifuniko cha mwamba kinakuwa kifuniko cha dhamiri. Moshi umesafishwa, lakini mkono haujatubu.

Na sisi je? Deni letu si sawa na la miji tajiri, na wenye kuchafua zaidi walipe zaidi. Lakini plastiki tunayoichoma kando ya nyumba inaingia katika kifua cha mtoto wetu leo hii, na hakuna mwenye kuikamata. Mama akienda sokoni na kikapu chake, baba akikataza kuchoma mifuko uani, tayari wamefanya kazi ambayo hakuna mashine itakayoifanya kwa ajili yao.

Kila mmoja ajiulize mbele ya Mungu: ninachofukia, ninafukia ili jirani apone, au ili nisionekane?

Amani ya Bwana ikae nanyi. Amina.