Kuonyeshwa Njia na Kuridhia Safari

Liko swali ambalo hospitali huliuliza kila siku bila ya kulitamka: mtu akishaonyeshwa yote yatakayompata, je, amekwisha kuridhia? Katika hospitali nyingi duniani, mgonjwa anayengojea kupasuliwa hukalishwa mbele ya televisheni, au hupewa simu ya mkononi, akatazama filamu ya dakika chache: hapa ndipo utakapochomwa sindano ya ganzi, hivi ndivyo kidonda kitakavyoshonwa, siku fulani utarudi nyumbani. Filamu ikimalizika, huletewa karatasi akatia saini yake au dole gumba. Hapana shaka jambo hili ni jema kuliko ukimya uliokuwapo kabla yake. Lakini wema huo una mpaka, na mpaka huo ndio tunaoutafuta hapa. Tutautafuta Tabora, kwenye njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ng'ambo ya pili ya bahari yetu, ikapita Ugogo na Unyanyembe mpaka Ujiji. Kwani njia ile ilidhihirisha tofauti iliyopo baina ya kuijua safari na kuikubali.

Tarehe 7 Novemba 1857, Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, baada ya miezi minne na zaidi tangu kuondoka pwani. Walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, naye akampa Burton habari za njia iliyobaki, za watu wake na za maziwa, hata akamwambia kuwa upande wa kaskazini liko ziwa jingine kubwa. Habari zile zilikuwa za kweli. Hata hivyo, walipofika kwenye ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858, Burton alikuwa hawezi kwenda kwa miguu yake, na macho ya Speke yalikuwa yameingia ukungu, hata ziwa lenyewe asiweze kuliona sawasawa. Hatusemi kwamba maneno ya mwenyeji wao yalikuwa bure; bila ya hayo pengine wasingelifika. Tunasema tu kwamba maelezo huitayarisha akili, na mwili hauna budi kuipita njia wenyewe. Mgonjwa aliyetazama filamu naye ni hivyo: maumivu atakayoyapata bado ni yake.

Sasa tuwatazame waliobeba mizigo. Wanyamwezi wengi walifanya kazi ya upagazi kwa ujira. Mpagazi alichukua mzigo wa kiasi cha kilo 30, akapatana juu ya malipo na posho, na akiona amedhulumiwa aliweza kugoma au kuutua mzigo akatoweka porini. Lakini njia hiyo hiyo iliwapitisha watumwa pia. Tumfikirie mtumwa aliyebebeshwa pembe za ndovu mwaka hata mwaka. Aliijua njia kama mpagazi alivyoijua: kila kisima, kila pori, kila mahali pa kutozwa hongo. Elimu yao ilikuwa moja. Kilichowatenga ni kwamba mmoja aliulizwa na jibu lake likawa na uzito, na mwengine hakuulizwa. Basi kujua peke yake hakuwi ridhaa, hata kujue kukamilike namna gani.

Sisi watu wa pwani tunayo mizani nyingine ya kulipimia jambo hili, nayo ni jando. Jando la zamani lilikuwa na utayarishaji ambao hospitali haijaufikia. Mtoto alifunzwa nyimbo na mafumbo, akawekwa pamoja na wenziwe, akajua kwamba baba yake na babu yake walipita papo hapo. Alipomfikia ngariba alikuwa na hofu, lakini hofu yake ilikuwa na jina na ilikuwa na wenzi. Jambo moja tu hakufanyiwa: hakuulizwa. Hospitali imefanya kinyume chake. Inauliza, tena kwa maandishi, lakini mara nyingi inamuuliza mtu ambaye haikumtayarisha. Jando lilitayarisha bila ya kuuliza. Hospitali inauliza bila ya kutayarisha. Filamu ya mgonjwa, ikitumiwa vyema, ingeweza kuziunganisha nusu hizi mbili.

Kwamba utayarishaji wenyewe una faida, hilo halina ubishi mkubwa. Mwaka 1964, huko Boston, Marekani, Lawrence Egbert na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Baadhi yao walitembelewa kabla na daktari wa usingizi, akawaeleza maumivu yatakuwa wapi, yatadumu muda gani, na wajigeuze na kupumua vipi ili yapungue. Hao walihitaji takriban nusu tu ya dawa za maumivu walizozihitaji wenzao, na walirudi makwao mapema zaidi. Tuzingatie, lakini, kwamba aliyewatayarisha alikuwa ni mtu aliyeketi kitandani pao, na aliyekuwa na masikio.

Filamu haina masikio, na hilo si jambo jipya kwetu. Baina ya mwaka 1935 na 1937 ulikuwapo mradi wa sinema uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja Notcutt. Walitengeneza filamu za mafunzo, mojawapo juu ya maradhi ya safura, wakazizungusha katika Tanganyika na nchi jirani, sauti ikitoka kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali. Nia ya kufundisha ilikuwapo. Lakini mtazamaji alipewa nafasi ya kuona tu. Nani angelimjibu lau angeliuliza kwa nini mambo yawe hivi na si vile? Sahani ya santuri ikishaanza kuzunguka haingojei swali.

Tusiwe wachache wa shukrani, hata hivyo. Filamu ina fadhila ambazo binadamu aliyechoka hana. Haimkaripii mgonjwa. Humwambia maskini maneno yale yale inayomwambia tajiri. Yaweza kusema Kinyamwezi kwa bibi aliyetoka Sikonge au Urambo kuja Hospitali ya Kitete kuondolewa mtoto wa jicho, nayo ikarudiwa mara tatu bila ya kununa, na mwanawe akaitazama pamoja naye.

Khatari yake iko pengine. Filamu hutengenezwa na yule anayetaka jibu liwe ndiyo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya wanaume katika nchi zenye maambukizo mengi ya Ukimwi, baada ya kuthibitika kwamba inapunguza kwa kiasi cha asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Tabora ilikuwa miongoni mwa mikoa ya Tanzania iliyopelekewa huduma hiyo, kwani huko watu wengi hawakuwa na desturi ya jando. Ni kazi iliyookoa maisha. Lakini fikiri jinsi ilivyo rahisi, katika picha za dakika tano, neno "hupunguza" kusikilika kama "huzuia". Na fikiri juu ya kijana wa miaka kumi na mitano aliyekwisha kupangwa foleni na wenziwe: filamu imemalizika, jina lake linaitwa. Atasema hapana kwa sauti ya nani? Ikiwa hapana njia ya kutoka foleni ile bila ya kuchekwa, basi filamu imemtayarisha kama jando lilivyotayarisha, na hakuna zaidi.

Atasema msemaji: madaktari ni wachache na wagonjwa ni wengi, nani atakaa kitako kujibu maswali? Hoja hii ni nzito, nayo ndiyo inayoonyesha haki ilipo. Filamu inamuokolea muuguzi dakika alizokuwa akizitumia kukariri maneno yale yale kwa kila mtu. Dakika hizo ni za nani? Zikichukuliwa kuongeza wagonjwa kwenye foleni, mgonjwa amenyang'anywa hata ule uso wa mtu aliokuwa nao mwanzo. Zikirudishwa kwake, muuguzi akaketi akamuuliza, "Umeelewa nini, mama? Kitu gani kinakutia khofu? Ungependa kwenda nyumbani ukashauriane na wenzio?", hapo filamu imefanya kazi yake.

Misafara ilikuwa na kirangozi, aliyetangulia mbele na bendera. Naye aliijua njia, lakini thamani yake ilikuwa kwamba aliipita pamoja na wenziwe, na aliweza kuitwa asimame. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa kila hospitali inayomuonyesha mgonjwa filamu: baada ya picha kuzimika, awepo mtu wa kuitwa, na akiitwa asimame.