Itaingia

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Kijana aliyekuja kununua kompyuta yangu alisimama mlangoni kwetu Lumakanda, boksi la grafiki kwapani, pesa tayari kwenye simu. Akaniuliza, "Bro, siku nikipata mashine mpya, hii boksi itaingia?"

Nikamjibu, "Itaingia."

Na ni kweli, itaingia. Tundu la Thunderbolt la kompyuta ile ya 2018 na la zile mpya za kampuni hiyohiyo ni la umbo moja. Waya unaingia bila shida. Lakini mashine mpya haitaitumia kadi iliyo ndani ya boksi, si kwa kuonyesha picha, si kwa kuhariri video. Nilijua hivyo wakati nafungua mdomo.

Mashine yenyewe ni Mac mini. Prosesa yake ni ya Intel na ina nguvu, ila upande wa grafiki ni dhaifu, na ndiyo maana watu wa video waliinunua pamoja na boksi la nje: sanduku la chuma lenye kadi ya AMD ndani, unachomeka waya mmoja, kazi inaenda mbio. Apple iliruhusu maboksi hayo rasmi mapema 2018. Juni 2020 ikatangaza kwamba inahama kutoka Intel kwenda kwa prosesa zake yenyewe, na Novemba mwaka huohuo mashine za kwanza za M1 zikatoka bila nafasi ya kadi ya nje. Mimi nilinunua yangu baadaye, ex-UK, nikiwa nimetoka campo na ndoto ya kuwa mtu wa video. Ndoto iliisha, boksi likabaki.

Huyu kijana hana ndoto, ana kazi. Anarekodi harusi na mazishi kuanzia hapa hadi Turbo na Kipkarren River. Mazishi zaidi. Mtu akiwa Saudia au Qatar na tajiri amemnyima ruhusa, anamzika mamake kupitia video ya huyu kijana. Si kitu cha kucheleweshwa kwa sababu mashine imegoma.

Utetezi wangu wa kwanza ulikuwa wa kijanja: hakuuliza kama itafanya kazi, aliuliza kama itaingia. Wakenya tumebobea hapa. Wakala wa nyumba Nairobi akikuambia "maji iko", hajadanganya. Iko. Jumanne.

Hata wakubwa wamewahi kujificha humo. Immanuel Kant, yule aliyeandika mwaka 1797 kwamba hufai kudanganya hata muuaji anayemtafuta rafiki yako, alikuwa amebanwa na mfalme wa Prussia aache kuzungumzia dini. Akaahidi kunyamaza, akisema anaahidi kama raia mwaminifu wa mfalme huyo. Mfalme akafa 1797. Mwaka uliofuata Kant akachapisha kitabu chenye mambo ya dini, na akaeleza waziwazi kwamba maneno yale aliyachagua makusudi: ahadi ilikuwa kwa mfalme yule, na mfalme yule hayupo. Niliposoma kisa hicho nilifurahi kwa dakika mbili hivi. Kisha nikaona tofauti. Kant alikuwa chini ya mtu mwenye uwezo wa kumharibia maisha. Juu yangu hakukuwa na mfalme. Kulikuwa na kijana mdogo kuniliko, anayeniamini kwa sababu nilisoma kidogo.

Utetezi wa pili ulikuwa mzito zaidi, na huu ndio ulinisumbua. Kwamba ahadi ya kumhudumia mwenye mashine, kama ilikuwepo, ilikuwa ya Apple kwa yule Mwingereza wa kwanza. Mimi ni mtu wa katikati tu. Vitu vya mitumba haviji na ahadi.

Lakini Lugari ni nchi ya skimu. Miaka ya 1960 mashamba ya walowezi yalikatwakatwa, wazee wetu wakapewa vipande kwa mkopo wa Settlement Fund Trustees, ile SFT ambayo kila mtu hapa ameisikia. Hati haitoki mpaka mkopo uishe. Kwa hiyo mtu akitaka kununua ekari mbili haangalii mahindi yaliyosimama peke yake, anauliza: deni la SFT liliisha? Maana deni halijashikamana na mzee aliyekopa. Linakaa kwenye udongo, na anayenunua udongo amelinunua pia.

Kompyuta nayo ni vilevile. Apdeti haiulizi jina la mwenye mashine. Mwingereza na mtu wa Lumakanda wakiwa na mashine ya aina moja wanapata apdeti ileile. Ahadi inakaa kwenye chuma. Shida ni kwamba ahadi hii ina saa, na saa ilianza kuhesabu huko ng'ambo. Miaka ambayo mashine ilikaa kwenye meza ya ofisi, kisha kwenye kontena, kisha kwenye rafu ya duka, ilikuwa inakatwa kwa mtu ambaye bado hajulikani. Mimi mwenyewe nilikula yangu miwili.

Na saa yenyewe haisomeki. Mwaka 2020 Apple ilisema itaendelea kuzihudumia mashine za Intel kwa miaka ijayo. Mingapi? Haikusema. Mac mini ya Intel iliendelea kuuzwa ikiwa mpya hadi Januari 2023, na mfumo wa mwisho iliopata ni Sequoia, wa 2024. Tahoe, uliotoka Septemba 2025, uliiacha nje. Aliyenunua mpya mwisho wa 2022 hakudanganywa. Miaka ilikuja, kweli. Ni ukweli wa ukoo mmoja na "itaingia" yangu.

Wenye laptopu za Windows wasicheke. Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia mwisho, na Windows 11 kwa Intel inataka, kwa sehemu kubwa, prosesa za kizazi cha 8 kuendelea. Pita kwenye maduka ya ex-UK uulize ni kizazi cha ngapi. Utaambiwa, "iko poa sana."

Siombi kampuni ihudumie mashine milele. Kutunza mifumo miwili kwa prosesa mbili ni gharama, na mhandisi naye ana watoto. Vinu vingi vya posho vijijini vimeendeshwa na injini aina ya Lister, iliyobuniwa Uingereza 1929. Kiwanda kiliacha kuitengeneza 1987, lakini India wanaendelea kuinakili, spea zipo, unga unasagwa. Mwenye kiwanda aliondoka bila kufunga mlango. Mimi nilimfungia kijana mlango nikiwa bado nimesimama hapo, kwa kumnyima habari ambayo ingemfanya ashushe bei au aende zake. Nilimuuzia muda uliobaki kwa bei ya muda kamili.

Nilimwendea Jumamosi moja. Alikuwa anamalizia mazishi ya mtu wa Turbo, feni ya boksi inavuma. Nikamweleza yote, pamoja na kwamba mashine haifi kesho, ila programu mpya zitaanza kuikataa moja baada ya nyingine.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

Hakusema kitu kwa muda. Mamake akaleta chai, akatuangalia, akauliza ni nani amefariki. Tukamwambia ni mtu wa Turbo.

Tukakubaliana: mashine abaki nayo, boksi nimrudishie nusu ya elfu ishirini na nne. Nimetuma elfu nne. Nyingine nadaiwa.

Juzi akanipigia. Amepata laptopu ya Windows Eldoret, mwenye duka anasema ina Thunderbolt, na boksi huwa linafanya kazi kwa Windows.

"Na hii, bro? Itaingia?"

Nikamwambia kwanza anipigie picha ya namba iliyo chini ya mashine.