KUNA NINI NDANI YA CHUNGU?

Neno la kusoma nyumbani: 2 Wafalme 4:38-41

 

Mwezi uliopita mama mmoja wa kanisa letu alitujia nyumbani jioni, mtoto mgongoni. Hakuja kutaka maombi. Alitaka tumwambie jambo moja tu, kama mtoto apelekwe kwenye chanjo ya surua ama abaki nyumbani. Shemeji yake aliyebaki Congo alimtumia ujumbe wa sauti kwamba chanjo zote za siku hizi ni za "mRNA", kwamba zinageuza damu ya mtu, na kwamba ndani yake mna alama ya yule mnyama. Tukamwuliza, "Na wewe mama, unaonaje?" Akajibu, "Mchungaji, mimi sijui kilichomo. Ndiyo sababu nimekuja."

Swali hilo lilituchoma. Mwishoni mwa mwaka 2021, chanjo za Korona zilipokuwa zikitolewa hapa Uganda, mzee mmoja wa kanisa, mwenye ugonjwa wa sukari, alituuliza swali lile lile baada ya ibada. Hatukujua jibu, na badala ya kusema hatujui, tulimwambia, "Mzee, tuombe tu, Bwana ndiye ngao yetu." Akaenda zake akiamini kwamba mchungaji amemkataza. Januari 2022 tulimzika. Hatuwezi kusema kwamba sindano ingemponya, maana hilo ni la Mungu. Lakini tunajua kwamba tulimpa maneno ya kiroho ili tufiche ujinga wetu, na mjane wake bado anaketi benchi la tatu kila Jumapili. Tumekwisha kumwomba msamaha. Leo tunawaomba na ninyi.

Basi, tufungue Neno. Elisha alirudi Gilgali wakati wa njaa. Wana wa manabii walikuwa wameketi mbele yake, naye akaagiza chungu kikubwa kitelekwe. Mmoja akatoka kwenda shambani kuchuma mboga, akaona mtango wa porini, akajaza nguo yake, akarudi, akakatakata matunda yake na kuyatia chunguni. Andiko linasema wazi kwamba hawakuyajua. Walipoonja wakapiga kelele kwamba mna mauti ndani ya chungu.

Sisi wakimbizi tunaielewa njaa hiyo kuliko wasomi wengi walioandika vitabu juu ya habari hii. Mwenye njaa hula anachopewa. Mnakumbuka siku ya kwanza tulipopokea unga wa njano katika mgao, namna mama zetu walivyoushika kwa ncha za vidole na kusema kwamba ni chakula cha ng'ombe? Tulikula. Tuliuliza baadaye.

Lakini tazameni Elisha alifanya nini. Hakuwakemea waliopiga kelele. Hakuwaambia wafumbe macho wale kwa imani. Alitaka unga uletwe, akashughulika na chungu chenyewe mpaka kikawa hakina madhara. Kwa hiyo kuuliza kilichomo si kukosa imani. Tena hatusemi kwamba chanjo ni kama matango yale. Tunasema kwamba mtu wa Mungu haogopi kuinua kifuniko. Na sisi tukiinue.

Tumekaa na muuguzi wa kituo chetu cha afya siku mbili, na tumesoma karatasi za dawa zenyewe. Tuchukue chanjo ya Korona ya Pfizer na BioNTech, ambayo wengi wetu waliopata mRNA hapa ndiyo waliyopewa. Ndani yake mna vitu vichache kuliko vilivyomo katika kopo la maziwa ya mtoto. Kwanza mna hiyo mRNA yenyewe, mikrogramu 30 kwa dozi ya mwanzo ya mtu mzima. Ni kidogo kiasi gani? Gramu moja ingetosha dozi zaidi ya 33,000. Kisha mna mafuta ya aina nne. Moja ni kolesteroli, ambayo imo katika kiini cha yai na katika mwili wa kila mmoja wetu. Nyingine ina kitu kiitwacho polietilini glaikoli, ambacho jamii yake hutumika pia katika dawa za kulainisha choo na krimu za ngozi. Mafuta hayo yanaifunika mRNA katika vitone vidogo mno visivyoonekana kwa macho, maana mRNA ikiwa wazi huharibika upesi. Kisha mna sukari, sukrosi, ndiyo ile ya chai, inayolinda vitone visiharibike katika baridi kali. Dawa hiyo ilipotoka ilitakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri! Mwisho mna maji na chumvi chache, pamoja na chumvi ya mezani. Katika aina za baadaye, nyingi ya chumvi hizo zilibadilishwa na kitu kinachoitwa tromethamini, ambacho kazi yake ni kuzuia dawa isiwe chachu.

Basi. Hakuna chuma, hakuna yai, hakuna nyama ya nguruwe, hakuna damu ya mtu, hakuna kirusi cha Korona, kiwe hai au kimekufa. Wala hakuna chombo cha kumfuatilia mtu. (Ndugu mmoja alisema anafuatiliwa kwa sababu ya sindano. Tulimwuliza kama simu yake aliiacha nyumbani. Akacheka.)

Sasa mRNA ni nini? Tusikilizane vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo hofu ilipo. Karibu katika kila chembe ya mwili, Mungu ameweka maandishi yanayoeleza namna mwili ujengwe. Wataalamu huyaita DNA. Fikirini lile daftari kubwa la uandikishaji ambamo majina ya jamaa zetu yameandikwa, nalo limefungiwa ofisini. Daftari halitoki. Anayetaka unga ghalani hubeba kikaratasi tu, chenye agizo moja. Watu wa ghala hukisoma, hufanya kazi, kisha kikaratasi hutupwa. mRNA ni kikaratasi hicho. Mwili wetu wenyewe hutengeneza vikaratasi vya namna hii mchana na usiku, hata sasa mnaposoma.

Chanjo huleta kikaratasi kimoja kutoka nje. Kimeandikwa jinsi ya kutengeneza mwiba mmoja wa kirusi cha Korona, wala si kirusi kizima. Mwili unatengeneza mwiba, walinzi wa mwili wanauona, wanajifunza sura ya adui kabla hajafika. Kikaratasi kinavunjwavunjwa baada ya muda mfupi. Hakiingii katika kiini cha chembe, ambako daftari limefungiwa, wala hakina kalamu ya kuandika ndani yake. Kwa hiyo habari ya kwamba inageuza ukoo wa mtu au damu ya mtu haina msingi. Aliyezaliwa Mbembe atakufa Mbembe.

Wengine wanasema, mbona ilitengenezwa haraka hivyo? Swali zuri. mRNA ilijulikana tangu mwaka 1961. Mama mmoja mzaliwa wa Hungaria, Katalin Karikó, pamoja na mwenzake Drew Weissman huko Marekani, walitoa mwaka 2005 utafiti ulioonyesha namna ya kuibadilisha ili mwili usiikatae kwa ukali. Mama huyu alihangaika miaka mingi bila kutambuliwa, hata cheo chake kazini kilishushwa. Mwaka 2023 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo mwaka 2020 chungu kilikuwa kimekwisha kuinjikwa siku nyingi; fedha na watu wa kujaribiwa ndivyo vilivyopatikana haraka.

Katika jaribio lile kubwa waliingia watu wapatao 43,000, huko Marekani, Ujerumani, Uturuki, Brazili, Argentina na Afrika Kusini. Nusu walipewa chanjo, nusu maji ya chumvi, wala wenyewe hawakujua nani kapewa nini. Walioshikwa na Korona walikuwa 170. Kati yao 162 walikuwa wa maji ya chumvi, na 8 tu wa chanjo. Mtaona kwamba si Waafrika peke yao waliojaribiwa, kama inavyosemwa huku kwetu.

Lakini hatutawaficha upande wa pili, maana Mithali 18:17 inatufundisha kwamba wa kwanza kujitetea huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amhoji. Sindano hii inaumiza mkono. Wengi walipata homa, kichwa kuuma na uchovu siku moja au mbili. Wachache sana, kama 5 katika dozi milioni moja, mwili wao uliikataa kwa nguvu mara moja, pumzi ikabana. Ndiyo sababu mtu huambiwa aketi dakika 15 kabla ya kurudi nyumbani, na ndiyo sababu muuguzi huuliza kama dawa fulani iliwahi kumdhuru. Mama, usimfiche! Tena vijana wengine, zaidi wa kiume, walipata kuvimba kwa misuli ya moyo siku chache baada ya dozi ya pili. Huko Marekani, kwa wavulana wa miaka 16 na 17, ilikuwa kama mmoja katika elfu kumi. Wengi wao walipona. Korona yenyewe huleta ugonjwa huo pia. Tena chanjo hii haikuzuia kila maambukizi, na nguvu yake hupungua kadiri miezi inavyopita. Waliosema mtu akichanjwa hawezi kuugua kabisa walizidisha. Kazi yake kubwa imekuwa kuzuia ugonjwa mkali na kifo.

Na kuna jambo lingine ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Watu wetu hawaogopi bure. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni hii hii ya Pfizer ilijaribu dawa yake Trovan kwa watoto. Watoto 200 waliingia katika jaribio, nusu wakapewa Trovan na nusu dawa nyingine, nao 11 wakafa. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni jaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na jimbo la Kano juu ya malipo ya dola milioni 75. Anayewaambia wakimbizi waamini tu bila kuuliza hajui tulikopita. Sisi tunasema: ulizeni, tena ulizeni kwa sauti, lakini mkijibiwa sikilizeni. Waberoya wa Matendo 17:11 walisifiwa kwa kuchunguza, na walichunguza ili wajue. Kuna wenzetu wanaouliza ili wasijue.

Dhamiri za wengine zimesumbuka kwa habari ya mimba zilizotolewa. Ukweli ni huu: katika kupima chanjo za mRNA maabara walitumia chembe zilizokuzwa kizazi baada ya kizazi, ambazo asili yake ni figo ya kijusi, huko Uholanzi mwaka 1973. Ndani ya sindano chembe hizo hazimo. Ndugu zetu Wakatoliki walitoa tamko lao Desemba 2020 kwamba mwamini anaweza kuipokea bila dhambi. Mwenye kusumbuka bado, hatumlazimishi. Aje tuzungumze kama ndugu.

Kuhusu ile 666 tutasema machache. Someni Ufunuo 13 yote, msisome mistari miwili tu. Alama ile inahusu kumsujudia mnyama na sanamu yake; mtu haipokei bila kujua, akidanganywa na muuguzi. Mwaka 2018, wakati wa uhakiki wa wakimbizi hapa Uganda, tulipochukuliwa alama za vidole, si walisema pia kwamba ndiyo 666? Tunajua jamaa waliojificha siku hiyo, kisha wakahangaika na mgao. Waliowatisha hawakuwapelekea hata kikombe cha maharagwe.

Basi tulimjibu nini yule mama? Tulimwambia kwamba chanjo ya surua si mRNA hata kidogo. Ni kirusi cha surua kilichodhoofishwa, nayo imetumika tangu miaka ya 1960. Wala ile chanjo ya malaria ambayo Uganda ilianza kuitoa Aprili 2025 si mRNA. Hofu ya chungu kimoja imewafanya watu wamwage vyungu vyote, na surua haitusubiri. Wale waliozika watoto njiani mwaka ule wa kukimbia hawahitaji kuhubiriwa juu yake. Kuhusu Korona, dharura ya dunia ilitangazwa kwisha tarehe 5 Mei 2023, lakini wazee, wenye sukari au pressure, na mama wajawazito wangali ndio wanaoshauriwa kwanza. Hao waulize kituoni kama ipo, na ni ya aina gani.

Mama alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza kama tungemsindikiza, kwa kuwa mume wake yuko mbali na yeye peke yake anaogopa. Tulikwenda naye Jumanne, mama mchungaji akiwa amembeba mtoto. Mtoto alilia sana, kisha akalala.

Jumapili ya pili ya mwezi, mara baada ya ibada, muuguzi atakuwa nasi chini ya mwembe. Ataleta karatasi za chanjo zote zinazotolewa kituoni na kusoma kilichomo katika kila moja, kwa Kiswahili, na wale wa Kinyarwanda na Kibembe watafasiriwa. Njoni na kadi za watoto. Mwenye ujumbe wa sauti uliomtisha, aje nao kwenye simu, tuusikilize wote pamoja.